Safari yetu ya ku Moero, na vile vyandarua viwili



Mu namba iliyopita ya gazeti letu mlisoma habari fupi ya safari yetu ya ku ziwa Moero. Habari ile ilikuwa nzuri, lakini haikuwa yote. Iliandikwa ya kama vyandarua viwili vya masomo vilipasuka ku miiba. Havikupasuka ku miiba. Sisi wanafunzi wa mwaka wa tano ndio tulisema vile mbele ya Bwana Prefe, na leo tunaandika namna ilivyokuwa.

Tulitoka hapa Lubumbashi siku ya posho, tarehe 15 Julai 2023. Tulikuwa wanafunzi kumi na moja, mwalimu wetu wa biolojia, na shofere. Kumi tulikuwa wa mwaka wa tano, na wa kumi na moja alikuwa mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, aliyepata nafasi kwa sababu kaka yake aligonjwa. Motoka ilikuwa Land Cruiser ya mzazi mmoja, na nyuma yake remorki. Remorki ndiyo ilibeba kila kitu: mifuko miwili ya unga, makala, sufuria, bashi mbili za kufanya nyumba, ndoana zetu, na vyandarua sita, kila kimoja cha watu wawili. Kila mtu alibeba blanketi na pulovere, kwa maana mwezi wa saba hapa kwetu asubuhi mtu anatoka moshi mu kinywa. Kuliona vyandarua tulicheka. Mbu gani mu baridi hii?

Mbele ya kufika Kasomeno mupira mmoja wa remorki ulipasuka. Shofere hakusikia, juu ya vumbi na juu ya nyimbo zetu, akaendesha mpaka chuma cha gurudumu kikapindika. Mupira wa akiba ulikuwa wa motoka, haukuingia ku remorki. Basi tulilala kandokando ya njia. Wamama wa kijiji cha karibu walituletea moto na viazi vitamu, tukaimba mpaka usiku mkubwa, na kusema kweli wengi wetu tulifurahi ya kama remorki imekufa. Asubuhi kamyo moja iliyobeba mifuko ya chisense ilisimama, na dereva wake akatupa mupira mzee. Tulipigapiga chuma na jiwe, tukaenda polepole sana. Kule Kasomeno njia inagawanyika: moja inateremuka ku Kasenga na mto Luapula, ingine inapanda ku kaskazini mpaka Kilwa na Pweto. Tulifuata ile ya Kilwa. Tulifika ziwani siku ya kwanza jioni, tukapiga kambi karibu na kambi ya wavuvi.

Ambaye hajaona Moero usiku, tunamwambia aende. Ilikuwa giza la mwezi. Ziwa lote lilikuwa na taa sawa vile mji, mpaka upande wa Zambia. Chisense ni samaki wadogo sawa kidole, wanafuata mwangaza. Wavuvi wanaweka taa juu ya maji, wanangoja, kiisha wanainua wavu toka chini. Zamani walitumia taa za petroli, siku hizi ni taa za batri. Asubuhi wanamwanga chisense juu ya mchanga, na jua likiwa kali, jioni wamekauka, wanatiwa mu mifuko.

Jambo lingine tuliloona ni joto. Lubumbashi iko juu, meta karibu 1,200. Moero iko chini, meta 900 na kidogo. Zile pulovere tulizifanya mito.

Siku ya tatu mwalimu na shofere walichukua gurudumu bovu, wakaenda Kilwa kutafuta fundi. Remorki ilibaki kwetu, imesimamishwa juu ya mawe. Walituambia watalala kule siku mbili, na mkubwa wetu atunze wengine.

Sasa ndoana zetu. Tangu tulipofika tulikamata samaki watatu tu, na mmoja alikuwa na miiba kupita nyama. Nyumbani tulikuwa tumeahidi samaki kwa wazazi, kwa wadada, hata kwa majirani. Jioni ile vijana wawili wa kambi ya wavuvi walikuja ku moto wetu, wakaangalia mu nyumba yetu ya bashi.

— Bana masomo, mustikere muko nayo ngapi?

— Sita.

— Mutupe mbili, tutawapa beseni mbili ya samaki.

— Ile haiko yetu, ni ya masomo.

— Ku Lubumbashi ni baridi, mbu haiko. Munaifanyia nini?

Tulizungumza kidogo. Hakuna aliyekataa kwa nguvu. Mdogo wetu peke yake aliuliza, "Na mwalimu?" Tulimwambia anyamaze. Tukawapa viwili vilivyokuwa vipya zaidi, kwa sababu ndivyo walivyochagua.

Asubuhi walivishona pamoja, wakafunga mawe chini na fimbo ku pande mbili, wakavuta mu maji mafupi karibu na majani. Sisi wenyewe tulisaidia kuvuta. Ulipotoka, wavu ulikuwa mzito, tukapiga kelele za furaha. Ndani kulikuwa na majani, matope, chisense wachache, na mamia ya samaki wadogo sawa kucha, wengine kidogo kupita kucha. Mama moja mzee aliyekuwa anaosha sufuria alikuja kuangalia. Alichagua mmoja, akamweka mu mkono wake.

— Wanangu, ile ni batoto ya pale. Huyu angekuwa mukubwa sawa mukono yangu yote.

Pale tunamjua sana. Mwalimu alitufundisha mu mwezi wa pili: dume anachimba kiota mu maji mafupi, na jike anabeba mayai mu kinywa chake, na watoto wakizaliwa wanakimbilia mulemule mu kinywa wakiogopa. Tulichora picha yake mu kaye. Mmoja wetu alipata pointi zote.

Mzee mume wa yule mama alikaa nasi siku ile. Alituambia habari ya mpumbu. Samaki ule ulikuwa mingi sana. Mvua ikianza ulikuwa unapanda mto Luapula kwenda kutaga, na watu waliungoja na nyavu. Wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga waliununua na kuutuma na barafu mpaka Elisabethville, kulisha watu wa migodi. Kufika karibu mwaka 1950 mpumbu ulikuwa umekwisha karibu wote. Upande wa Zambia wanafunga uvuvi toka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wapate kutaga. Hakutugombeza. Alituuliza tu:

— Na usiku mutalala mu nini? Apa mbu hazilalaka.

Tulifanya hesabu: bila mwalimu tuko kumi na moja, vyandarua ni vinne, basi watatu watatu, na mahali pamoja watu wawili. Usiku wa kwanza ilienda. Usiku wa pili joto lilikuwa kali, watu waligombana juu ya nafasi, na wale aliolala nao mdogo wetu walimsukuma nje. Alichukua blanketi yake, akaenda kulala mu remorki chini ya bashi. Tulimsikia akipiga mbu usiku mzima. Tulicheka, na mmoja wetu alimwita "shofere wa remorki". Kesho yake mwalimu alirudi na gurudumu limetengenezwa. Hakuhesabu vyandarua. Usiku ule mdogo wetu alienda mu remorki yeye mwenyewe, bila mtu kumsukuma, na mwalimu alifikiri anapenda hewa.

Habari ya zile beseni mbili ni fupi. Chumvi ilikuwa kidogo, jua walipata siku moja tu, kiisha tuliwafunika na bashi mu remorki. Tulipopita Kasomeno harufu ilifika mpaka mbele kwa shofere. Tuliwamwanga mu majani kandokando ya njia, wote. Nyumbani tulifika na unga uliobaki.

Tarehe 30 Julai mdogo wetu alianza kutetemeka. Wazazi walifikiri ni baridi ya Lubumbashi, wakamwongezea blanketi. Siku ya tatu hakujua tena jina la mama yake, wakamkimbiza ku hospitali. Ilikuwa palu, na damu ilikuwa imepunguka sana. Walimtia sindano za artesunate, kiisha wakatafuta damu. Wawili wetu tulitoa. Munganga alisema hata hapa mjini palu iko, hawezi kuapa ilitoka wapi. Lakini alituuliza tarehe, akahesabu siku ku vidole, akanyamaza.

Mama yake alitukuta mu kolido ya hospitali. Aliuliza, "Kule ziwani, alikuwa analala mu mustikere?" Tuliangalia chini. Hakuna aliyejibu. Aliingia, akamwuliza yeye mwenyewe, na mlango ulikuwa wazi, tukasikia sauti yake ndogo:

— Ndiyo mama. Bayaya walinipa.

Wiki ile Bwana Prefe alitaka hesabu ya vifaa vya safari. Tulisema miiba.

Mdogo wetu alirudi ku masomo mu Septemba, amekonda, lakini anacheza mpira. Mambo haya tumeyasoma mbele yake kabla ya kuyapeleka kwa wenye gazeti. Alitaka tufute habari ya "shofere wa remorki"; tulimwomba ibaki, akakubali. Kwa mama yake tulienda siku ya Mungu iliyopita baada ya ibada, sisi wote kumi, na yale aliyotuambia ni yetu. Chandarua kimoja tumekwisha kununua na kukiweka ku ofisi. Cha pili, pesa ingali haijatosha.