Jiko Lisilo na Mvinyo Mjini Xi'an

Mji wa Xi'an, kaskazini-magharibi mwa China, ndio ulikuwa mwanzo wa Njia ya Hariri iliyowafikisha huko wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi. Waislamu wa kabila la Hui, ambao wengi wao hujinasibisha na wageni hao, wangali wakiishi katika mtaa ulio karibu na Mnara wa Ngoma. Msikiti wao Mkuu hauna kuba. Mapaa yake yamepinda kama ya majengo mengine ya Kichina, lakini nyua zake zimefuatana kuelekea magharibi, iliko Kibla.

Tulipoutembelea mtaa huo, macho yetu yalikuwa kwenye majiko. Watoto wetu wa Pwani wamekipenda chakula cha Kichina, nao hukila mahali ambapo mama hajui kilichotiwa sufuriani. Tukitaka kukipika nyumbani, maelezo mengi hudai mvinyo wa mchele wa Shaoxing, na baadhi ya sosi za chupa huwa zimetiwa mvinyo.

Kazi ya mvinyo huo ni kuondoa shombo la samaki na harufu nzito ya nyama. Wahui huifanya kazi hiyo kwa tangawizi, vitunguu vya majani na maji yaliyorowekwa pilipili ya Sichuan, kisha bizari nyembamba na siki nyeusi hukamilisha ladha. Katika supu ya kondoo, ambayo kila mlaji huumega mkate wake mwenyewe ndani ya bakuli mfano wa tharidi, hatukuona upungufu wowote.

Vitu hivyo karibu vyote vimo sokoni kwetu. Kwa nusu kilo ya nyama, twaponda tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na vitunguu vya majani 2, twatia vijiko 3 vya maji, na baada ya dakika 10 twachuja. Maji hayo twayachanganya na vijiko 2 vya sosi ya soya, sukari nusu kijiko cha chai na matone machache ya siki. Sosi ya soya nayo tuisome kibandiko, kwani nyingine hutiwa alkoholi. Penye shaka, tuwaulize wanazuoni wetu.

Wahui hawakukiacha chakula cha nchi yao, wala hawakuuvuka mpaka wa dini yao. Kwa karne nyingi wamekaa na vyote viwili katika sufuria moja.