Kofia yenye utepe wa pinki

Mwanangu ana ualbino. Ana miaka 7, na Jumamosi iliyopita tuligombana mbele ya rundo la mitumba hapa Kibiti. Yeye alitaka kapelo ya pinki kama ya rafiki yake. Mimi nilishika kofia pana, rangi ya udongo, mbaya kidogo, nakiri.

Kapelo inakinga uso tu. Masikio na shingo vinabaki nje, na hapo ndipo jua lilipomchoma mwaka jana tulipopanda boti Nyamisati kwenda kwa bibi yake huko delta. Majini jua linakupiga mara mbili, la juu na lile linalorudi kutoka kwenye maji. Alilala kifudifudi siku tatu. Kwa watoto wetu kuungua si jambo la kupita. Saratani ya ngozi huanzia hapo.

Siku hizi kila kofia naiinua juani. Nikiona mwanga unapenya, nairudisha, hata iwe nzuri vipi. Za ukili zina hewa, lakini zilizosukwa kwa matundu hazifai. Jinzi na kaki nzito ndizo, ukingo wa vidole vinne au zaidi, na kamba ya kidevuni, maana upepo wa kule haurudishi kofia.

“Mama, wataniita bibi shamba,” akasema, machozi yakimlenga.

Muuzaji akachimbua, akatoa pama ya jinzi ya bluu. Fundi jirani akaizungushia utepe wa pinki.

Jumatatu aliivaa mwenyewe bila kuambiwa. Mwalimu wa zamu akamvua mstarini. Kesho naenda shuleni.