Kandambili niliyoikuta chini ya siti ya nyuma

Niliikuta Jumapili asubuhi nikifagia gari. Kandambili ndogo ya waridi, ya mguu wa kushoto, ya mtoto wa miaka mitatu hivi. Nyumbani kwangu hakuna mtoto wa umri huo. Mdogo kuliko wote yuko darasa la sita.

Ijumaa yake kijana wangu alikuwa amerudi kutoka Ruangwa usiku, bampa ya mbele imepasuka na taa ya kulia imekufa. Aliniambia amekwepa mbuzi akagonga kingo za kalvati, karibu kabisa na kuingia Nachingwea. Nilimshika mabega, nikamwangalia kichwa, shingo, mikono. Mzima. Nikasema bati litanyooshwa, twende tukale.

Ngoja nianze mwanzo, maana kosa halikuanzia kwake.

Kijana alimaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18. Nina duka la pembejeo Nachingwea, na dada yangu anasimamia jingine dogo Ruangwa. Baba yao anafanya kazi Mtwara, anarudi mwisho wa mwezi. Kila wiki mtu lazima apeleke mzigo Ruangwa, na nilikuwa nimechoka kuwa mimi. Kwa hiyo tukamwingiza chuo cha udereva, akapata leseni ya kujifunzia, akapimwa na trafiki, tukalipia leseni yake Sh70,000 ya miaka mitano. Hapo sikufanya ujanja wowote, nashukuru. Najua wazazi wanaowapa watoto funguo kabla ya leseni kwa sababu "huku kwetu trafiki tunajuana". Ukigonga mtu, kujuana na trafiki hakutakulipia hospitali.

Ujanja niliufanya kwenye bima.

Gari letu ni Probox, tuliinunua kwa pesa za korosho. Mwaka wa kwanza tulikuwa na bima ndogo, ile ya lazima kisheria, Sh118,000 pamoja na VAT kwa gari binafsi. Kwa bima hiyo hakuna anayekuuliza dereva ana miaka mingapi. Wenzetu wa Uingereza na Marekani wakimweka kijana kwenye bima ya familia bei inapaa mpaka wanajuta kuzaa. Sisi hapa bima ndogo ni ileile, uendeshe wewe wa miaka 45 au mwanao aliyepata leseni jana. Lakini bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga. Gari lako ukilibomoa, ni lako na fundi wako.

Kwa kuwa kijana anaanza kuendesha, nikataka bima kubwa. Wakala akapiga hesabu: gari la Sh11 milioni, asilimia 3.5, ni Sh385,000, ongeza VAT, Sh454,300. Nikashtuka. Nikamwuliza nifanyeje ipungue.

Kwanza nilipendekeza tuandike gari lina thamani ya milioni sita. Wakala akacheka. Akasema, mama, ukiandika nusu ya thamani, siku ya ajali utalipwa nusu ya hasara. Nikaachana nalo. Akanieleza kwamba ninaweza kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara mimi mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na bei itashuka kidogo. Tukakubaliana Sh250,000. Akanieleza pia kuwa nikikaa mwaka mzima bila kudai, mwaka unaofuata napata punguzo. Yote hayo ni halali, na mzazi yeyote anaweza kuyaomba. Mimi mwenyewe sikuyajua, na nimekuwa na gari muda wote huo.

Kisha akauliza, "Nani ataendesha?" Kwa sababu mkataba ule una kipengele: dereva akiwa na leseni ya chini ya miaka miwili, kile kiasi cha kubeba mwenyewe kinakuwa mara mbili, Sh500,000. Na akauliza gari litafanya kazi gani.

Kijana alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikajibu, "Naendesha mimi. Matumizi ya familia tu."

Tulipotoka nje akaniuliza mbona sijamtaja. Nikamwambia, "Wewe tulia. Wakijua upo watatupandishia."

Sasa rudini kwenye kandambili. Nilimwita, nikamwonyesha, sikusema kitu. Alikaa kimya muda, halafu akasema, "Mama, nilibeba watu."

Ilikuwa msimu wa ufuta, watu wengi wanatembea, jioni usafiri umekata. Stendi ya Ruangwa akina mama wanne walimwomba lifti, mmoja ana mtoto. Kila mmoja alimpa Sh5,000. Haikuwa mara ya kwanza. Pesa alikuwa anaweka ya simu mpya. Na alipogonga kalvati, yule mtoto aliyepakatwa alijigonga paji la uso kwenye siti ya mbele, akatoka damu. Aliwapeleka hospitali, akashonwa nyuzi, akawarudisha kwao. Peke yake, usiku, akiwa na taa moja. Halafu akaja kwangu akaniambia habari za mbuzi.

Nilimkaripia sana. Katikati ya kukaripia akasema, kwa upole kabisa, "Lakini mama, wewe ulisema tusiwaambie ukweli."

Sikuwa na jibu. Niliendelea kufoka, ila sikumbuki nilisema nini.

Jumatatu fundi akataja Sh640,000: bampa, taa, redieta iliyokuwa inavuja, na kazi. Nikachukua fomu ya madai. Mjomba wake akaja kunisaidia kujaza, na yeye ni mtu wa kupenda njia fupi. Akasema andika ulikuwa unaendesha wewe, abiria hakuna, ondoa 250,000 zako, kampuni inakupa 390,000. Nani atajua?

Laki tatu na tisini ni pesa. Nilishika kalamu. Fomu inauliza jina la dereva, namba ya leseni, tarehe ilipotolewa, kulikuwa na abiria, je, walilipa nauli. Kijana alikuwa mlangoni ameegemea fremu, ananiangalia mkono.

Nikafunga kalamu. Gari tumelitengeneza kwa pesa ya dukani, na mbegu za msimu ule niliagiza nusu. Mjomba aliniona mjinga na bado ananiona hivyo.

Siku mbili baadaye tulikwenda na kijana kwa yule mtoto. Nilibeba unga, sukari na kandambili. Njiani moyo ulikuwa unanienda mbio kwa jambo moja. Nilikuwa nimempigia wakala, nikauliza kama vile namwulizia jirani: gari la bima ya matumizi binafsi likibeba abiria wa kulipa, wakaumia, inakuwaje? Akanijibu kuwa abiria wa nauli hawamo kwenye mkataba ule. Maana yake yule mtoto angevunjika shingo, kungekuwa na mimi, duka langu, shamba la korosho, na kijana wa miaka 18 mbele ya hakimu.

Mama wa mtoto alitupokea vizuri mno. Akasema, "Mwanao alitusaidia, tungelala stendi." Hakutaka hata tuombe radhi. Mtoto ana kovu juu ya nyusi, dogo. Alipoona kandambili aliinyakua akaivaa palepale, mguu mmoja, akakimbia nayo nje.

Bima ilipokwisha nilirudi kwa wakala na kijana. Nikamtaja jina, nikatoa leseni yake, nikasema anaendesha mara moja kwa wiki na mizigo ya duka. Bei ilipanda, maana mizigo ya biashara ina hesabu yake. Tulikata kwingine: tuliondoa nyongeza ambazo nilikuwa nazilipia bila kuelewa. Kabla ya kuondoka niliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA kwa simu, nikaona bima imesajiliwa. Mwaka uliopita nilikuwa nimechukua karatasi tu na kuamini.

Kijana amenilipa zile Sh20,000 za nauli bila kuambiwa. Simu hajanunua. Ruangwa anakwenda na kurudi mchana, na akina mama wa stendi ambao wameshalijua gari humpungia mkono. Anasema kuwapita ndiyo kazi ngumu kuliko zote, hasa mvua ikinyesha. Juzi aliniuliza kama kuna bima ya kubeba abiria na inagharimu kiasi gani. Nikamwambia asubiri kwanza.