Lori Lenye Pua Limepotelea Wapi?

UKISAFIRI kwa basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ukishaipita Kibwezi na mibuyu ikaanza kujitokeza kando ya barabara, jua kwamba Mtito Andei haiko mbali. Mji huu uko karibu nusu ya safari. Hapa mabasi husimama ili abiria wanyooshe miguu na kunywa chai, na hapa ndipo madereva wengi wa matrela hulala. Kuna kituo cha reli ya SGR, na lango la kuingilia mbuga ya Tsavo Magharibi liko papa hapa. Lakini si ndovu walionileta. Nilikuja na mwanangu wa miaka 11 kumwona mjomba wangu, mzee aliyeendesha malori kwa miaka 26.

Mtoto alikuwa na swali tangu Mlolongo. Alikaa dirishani akihesabu matrela, na alipofika mia moja akaniuliza, "Mama, mbona malori yetu yote hayana pua?"

Lori analolijua yeye ni Optimus Prime, yule wa filamu ya mwaka 2007, ambaye ni Peterbilt 379 mwenye boneti ndefu na mabomba mawili ya moshi yanayometameta. Nilimwambia kwamba katika katuni za zamani, zile za 1984, Optimus Prime alikuwa lori bapa kama haya ya kwetu. Hakuniamini. Nikamwambia amuulize babu yake.

Mjomba ana kibanda cha kuziba magurudumu karibu na mahali matrela yanapoegeshwa. Tulimkuta ameketi juu ya tairi kuukuu, kofia usoni. Mtoto akatoa shikamoo, akaitikiwa, na kabla hata ya soda kufika akauliza swali lake. Mzee alicheka hadi akakohoa.

"Pua ilikuwepo, mjukuu wangu," akasema. "Mimi nimeendesha Mercedes yenye pua mpaka Kampala. Ilikatwa na wenye kupima."

Maneno hayo, msomaji, yana ukweli mwingi kuliko nilivyodhani. Katika nchi za Ulaya sheria hupima lori zima, kuanzia bampa ya mbele hadi taa za nyuma. Kichwa na trela lake havipaswi kuzidi mita 16.5. Trela la kawaida la huko lina kama mita 13.6. Ukitoa, zinabaki mita tatu kasoro kwa ajili ya dereva, injini, kitanda na kila kitu kingine kinachojitokeza mbele ya trela. Tajiri wa malori hulipwa kwa mzigo. Pua hailipiwi na mtu. Basi injini ikasukumwa chini ya kiti cha dereva, na uso wa lori ukawa bapa kama ukuta. Scania wa Sweden walivumilia kwa muda mrefu kuliko wengi, lakini nao waliacha kuunda malori yao ya pua mwaka 2005.

Marekani walikwenda njia nyingine. Mwaka 1982 serikali kuu ilipitisha sheria inayozikataza majimbo kupima urefu wa jumla wa kichwa na trela katika barabara kuu. Kinachopimwa ni trela peke yake, na kila jimbo lilitakiwa kuruhusu trela la angalau futi 48, yaani mita 14.6 hivi. Tangu siku hiyo urefu wa pua ukawa si hoja, na malori bapa yakaanza kupotea kule kama yalivyopotea ya pua huku. Huko Australia, ambako usukani uko kulia kama kwetu, kichwa chenye pua huvuta matrela matatu kwa mpigo, msafara wa kufikia mita 53.5. Nilipomweleza mwanangu kwamba huo ni urefu wa mabasi manne na zaidi yaliyopangwa mstari mmoja, aliacha soda yake akaenda kupiga hatua barabarani. Ilibidi nimwite upesi.

Je, hapa Kenya lori lenye pua limepigwa marufuku? La. Hakuna sheria inayoitaja pua. Lakini malori makuukuu ya Marekani yana usukani wa kushoto, na gari la namna hiyo halisajiliwi hapa ila kwa shughuli maalumu kama vile ambalensi. Tena gari kuukuu likizidi miaka minane haliingizwi nchini. Halafu kuna mizani. Pale Mariakani na Athi River kila ekseli hupimwa kivyake: tani 8 kwa ile ya usukani, 18 kwa zile mbili za kichwa, 24 kwa zile tatu za trela. Jumlisha upate 50. Lenye ekseli saba huruhusiwa 56. Pua haiongezi hata kilo moja katika hesabu hiyo. Ukivuka mpaka kwenda Tanzania bado utayaona Scania ya pua ya miaka ya nyuma yakipanda milima bila haraka, na picha zake huwafanya madereva wa huku wameze mate.

Kwa nini wayatamani? Mzee alianza kwa mambo madogo. Injini ikiwa mbele, miguu haiungui. Ikiharibika unafungua boneti, unasimama juu ya bampa, unatengeneza. Katika lori bapa lazima uinamishe kabini nzima, na kila ulichosahau ndani, chupa ya chai, viatu, sufuria ya utingo, huporomokea kiooni. Alisimulia siku ambayo kilo mbili za sukari zilimwagika hivyo pale Webuye, na siafu wakasafiri naye mpaka Malaba.

Kisha akanyamaza. Mimi naijua sehemu iliyobaki, lakini mwanangu hakuwa ameisikia. Usiku mmoja mwaka 1994, si mbali na hapo tulipoketi, lori bapa lililokuwa likilipita basi lilimjia uso kwa uso. Pua ya Mercedes ilikunjika yote. Injini ilirudi nyuma, lakini haikumfikia. Mjomba alitoka na mbavu mbili zilizovunjika. Dereva wa lile jingine walimtoa baada ya saa tatu, akiwa hai bado, na alifia njiani kwenda hospitali.

"Katika lori bapa, wewe ndiwe bampa," mzee akasema.

Haki ya kusema ni kwamba kabini za leo si za 1994. Hupigwa majaribio ya nguvu, na mikanda ipo, ingawa madereva niliowauliza pale walicheka nilipoitaja. Pua nayo huficha kilicho mbele yake, na mtoto mfupi akisimama karibu na boneti ndefu dereva hamwoni. Kwa barabara za Nairobi zilizojaa wanafunzi asubuhi, sijui kama ningependa kila lori liwe Optimus Prime. Huko Ulaya sheria ililegezwa kidogo, na tangu Septemba 2020 kabini inaweza kurefushwa mbele kwa ajili ya usalama na kupunguza upepo. DAF walileta ya kwanza mwaka 2021. Ni pua ndogo, kama ya mtoto mchanga.

Mzee aliacha usukani akafungua kibanda. Amri ya mwaka 2019 ya kupeleka makontena Nairobi kwa reli ilimkausha kabisa, akafikiria kurudi shambani. Ilipoondolewa mwaka 2022 magurudumu yakarudi, na pamoja nayo kazi ya binamu yangu, kitinda mimba wake, ambaye sasa huvuta kontena la futi 40 kati ya Mombasa na Malaba. Lori lake ni bapa.

Aliingia saa kumi na mbili na nusu jioni. Honi mbili fupi, na mzee akasimama kabla sisi hatujasikia. Binamu alimpandisha mwanangu kabini, akamkalisha nyuma ya usukani. Mtoto alipapasa kanyagio la breki kwa kidole cha mguu, akashuka, akapima kwa viganja kutoka usawa wa kanyagio hadi ukingo wa bampa.

"Babu, ni vitano tu," akasema.

Mzee alikuwa tayari ameinama upande wa pili, akigonga matairi ya trela kwa rungu, moja baada ya jingine.