Kwa Binti wa Kaka Yangu, Kuhusu Fedha za Kumlea Mtoto

Njoro,
Januari 2025.

Binti yangu mpendwa,

Hapa nyumbani mahindi yameingia ghalani, na nyanya yako hapitishi siku bila kuuliza habari za kitukuu chake.

Habari kwamba umepata kazi katika shamba la maua huko Naivasha tumeipokea kwa furaha kubwa. Nimeusoma pia ujumbe wako wa pili: kazi inaanza Jumatatu, mshahara ni mwisho wa mwezi, na mama wa kituo cha watoto hapo Karagita anataka fedha zake kabla mtoto hajapokelewa. Umeniuliza kama ufulize, yaani ukope kwa Fuliza ya M-Pesa. Jambo hili ni refu mno kwa simu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Tuanze na hesabu uliyonitumia. Usajili ni shilingi 1,000. Mwezi wa kwanza ni 4,000. Kigodoro, blanketi, chupa, flaski ya uji na nepi ni 2,500. Jumla ni 7,500. Mwisho wa mwezi utaweza kulipa ada ya mwezi unaofuata bila kuhangaika, lakini Jumatatu hii huna. Shida yako basi ni ya tarehe: gharama imetangulia, mapato yanakuja nyuma. Shida ya namna hiyo ndiyo inayofaa mkopo, mradi mkopo wenyewe usizae.

Usione aibu kwamba kumlea mtoto kunakudai fedha. Nyanya yako alichuma pareto kule Molo baba yako akiwa mgongoni, na alipochoka walikuwapo mama mkwe, mawifi na majirani wa kumpokea. Hawakulipwa noti, lakini walilipwa: kwa kuni, kwa maziwa, kwa siku ya kupalilia shamba la mwenzake. Karagita ni mtaa wa watu waliotoka pande zote za nchi kufuata maua, na mama zao wamebaki mbali. Malezi yamekuwa kitu cha kununuliwa, na bei yake ni sehemu ya gharama ya kwenda kazini, sawa na nauli. Watafiti waliofuatilia akina mama wa Korogocho, Nairobi, mwaka 2015 na 2016 waliona kwamba waliosaidiwa kulipia kituo cha watoto walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa kazini kuliko wenzao, na wanaolea peke yao waliweza kuhamia kazi zenye saa za kueleweka bila kupoteza mapato. Kwa hiyo hizo 7,500 zinakufungulia mshahara. Kuzikopa ni halali kabisa.

Sasa swali lako la kufuliza. Fuliza imetengenezwa kwa ajili ya upungufu wa saa chache: umepungukiwa dukani, unaongezewa, jioni unarudisha. Ina ada ya asilimia 1 unapoichukua, kisha ada ya kila siku deni linapoendelea kukaa. Kwa deni la mwezi mzima, siku ndizo zinazokula. M-Shwari, mikopo mingine ya simu, nayo ilianza mwaka 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa ada kama hiyo, 7,500 zako zinazaa 562 kwa mwezi, na ukishindwa kulipa ukaongezewa siku, ada inarudi upya. Mara tatu ni karibu 1,700, fedha ambazo zingemlea mtoto karibu wiki mbili. Hustler Fund, ulioanzishwa Novemba 2022, una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni nafuu sana. Lakini mkopo wa mtu binafsi hudaiwa baada ya siku 14, nawe huna cha kulipia hadi mwisho wa mwezi. Mkopo unaodaiwa kabla ya mshahara kufika utakulazimisha ukope kwingine kuulipa. Hivyo ndivyo watu wanavyozama.

Umesema unatafuta mkopo usio na riba. Vyema, lakini sikiliza jambo ambalo watu husahau. Riba ni malipo ya kusubiri. Usipoilipa wewe, haina maana kwamba hakuna anayesubiri. Yuko mtu amekaa bila fedha zake ili wewe uwe nazo, na gharama ya kukaa bila fedha hizo anaibeba yeye. Kwa hiyo kabla hujachukua mkopo wa bure, jiulize: ni nani anayenisubiri, na je, anaweza?

Chukua chama chenu cha merigoraundi. Mko akina mama kumi, kila mmoja anatoa 1,000 kwa mwezi, na mmoja anaondoka na 10,000. Anayepokea wa kwanza amechukua 9,000 za wenzake na kuzirudisha kwa miezi tisa bila senti ya riba. Anayepokea wa mwisho amewakopesha wote, na wakati huo unga na mafuta vimepanda bei. Zamu yako ni ya nane. Nenda kwa aliye na zamu ya mwezi huu, umweleze mbele ya mwenyekiti na mweka hazina, na umwombe mbadilishane. Kama zamu yake ameipangia karo ya muhula huu wa Januari, usimsukume. Akikubali, iandikwe kwenye kitabu cha chama. Kisha ujue kwamba ukishapokea, wewe ndiye unayetazamwa. Chama huvunjwa na waliokwisha kupokea wakaanza kukosa mikutano. Tarehe ya mchango ikifika, iwe ndiyo fedha ya kwanza kutoka mkononi mwako.

Njia ya pili ni mwajiri. Wengi huogopa kuomba advansi wakidhani wataonekana ombaomba. Lakini shamba linaweza kusubiri zaidi kuliko mwanachama yeyote wa chama chenu, na linafaidika ukifika kazini akili yako imetulia. Huko Uingereza mamlaka ya jiji la London imewahi kuwawekea wafanyakazi wake mpango wa namna hiyo hasa: mkopo usio na riba wa kulipia fedha za kutanguliza kwenye kituo cha watoto, unaokatwa polepole kwenye mshahara. Omba kwa maandishi, taja kiasi, sababu na miezi ya kukatwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inakulinda: mwajiri anapojilipa mkopo wake hawezi kukata zaidi ya nusu ya mshahara uliobaki baada ya makato mengine, na makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili. Kumbuka kwamba NSSF, SHIF ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 vitakuwa vimeshapita kabla yako. Kwa kuwa wewe ni mgeni wanaweza kukuambia usubiri umalize muda wa majaribio. Wakikataa, usigombane nao. Shukuru, urudi kwenye chama.

Utasikia pia habari za Uwezo Fund, na ni za kweli: serikali iliuanzisha mwaka 2013, hautozi riba ila ada ya usimamizi ya asilimia 3, na kikundi hupewa miezi sita kabla ya kuanza kulipa. Lakini fedha hizo ni za vikundi vya biashara, si za mtu binafsi kulipia ada. Anayezihitaji ni mama wa kituo chako, akiungana na wenzake wanaolea watoto hapo mtaani. Mwambie aulizie kwenye ofisi ya eneo bunge la Naivasha. Hazina ya Wanawake iliyoanza mwaka 2007 nayo ina mikopo ya vikundi. Kituo kikipata mtaji wake, hakitakuwa na haja ya kukudai mwezi mzima kabla ya mtoto kuingia.

Na hapa nataka tusemezane kwa makini. Umeniambia ungependa kumbembeleza mama huyo akuchukulie mtoto, umlipe mwisho wa mwezi. Huo nao ni mkopo usio na riba. Lakini yeye ndiye anayenunua maziwa, makaa na sabuni kila asubuhi, na anamlipa msichana anayemsaidia. Ukimfanya akusubiri, umemtwisha deni lako mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wewe, na mikononi mwake ndimo alimo mwanao. Uji ukipunguzwa maji yakaongezwa, mtoto wa miezi sita hawezi kukusimulia. Mwombe akugawie kwa wiki kama anaweza, 1,000 kila Jumatatu, ukianza na wiki ya kwanza. Baba mtoto anapata fedha za bodaboda kila siku. Hizo ndizo za kulipa wiki, kwa sababu zinaingia kwa mwendo uleule. Asikuachie hesabu hii peke yako. Mtoto ni wenu wawili.

Ukishapata mkopo, shika mambo matatu. Kopa gharama ya kuanzia tu. Ada ya Februari na Machi itoke kwenye mshahara, na kama haitoshi, tatizo ni bei ya kituo au ukubwa wa mshahara, na hakuna mkopo utakaoliponya. Kopa mahali pamoja, usichukue zamu ya chama na advansi kwa pamoja, kwa kuwa makato yatakutana mwezi mmoja. Tatu, kabla ya tarehe 14 Februari maua huwa mengi na huenda mkabakizwa hadi usiku. Muulize mama wa kituo leo anatoza nini mtoto akichelewa kuchukuliwa, uiweke kwenye hesabu, maana malipo ya saa hizo za ziada yatafika mwisho wa Februari.

Ukianza kazi, ulizia chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri awe nacho, na inampa mama anayenyonyesha muda wa mapumziko usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Jiunge pia na sacco ya wafanyakazi mapema. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. 7,500 zikilipwa kwa miezi mitatu, riba yote ni kama shilingi 150. Hiyo ni riba, lakini ni riba unayoweza kuishi nayo, na dharura ijayo hutahitaji kumsumbua mtu. Leo hawatakukopesha kwa kuwa huna akiba kwao. Mwakani watakukopesha.

Na mkizoeana na wenzako, lisemeni jambo hili kwa sauti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la vituo vya malezi ya watoto pamoja na shule za chekechea. Kaunti ya Nakuru inapoita wananchi kutoa maoni ya bajeti, nendeni mkaulize Karagita imetengewa nini. Kama shamba lenu lina cheti cha Fairtrade, hupata nyongeza ya asilimia 10 juu ya bei ya maua, na kamati inayochaguliwa na wafanyakazi ndiyo huamua itumikeje. Kamati kama hiyo inaweza kutenga sehemu iwe mfuko wa kuwakopesha akina mama bila riba wanaporudi kazini. Lipelekeni jina la mama mwenye mtoto mchanga kwenye kamati hiyo.

Fedha za vifaa, 2,500, nimeshakutumia kwa M-Pesa. Hizo ni zawadi ya shangazi kwa mtoto, usiziandike popote kama deni. Zimebaki 5,000 za kituo. Hizo kaziombe kwenye chama kesho, uwaeleze ukweli wote, na uwape tarehe. Kopa kwa anayeweza kusubiri, na umlipe kabla hajaanza kuhesabu siku.

Mungu akutangulie kazini.

Akupendaye,
Shangazi yako.