Usiku Mrefu wa Kwenda New York

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni takribani kilomita 11,800. Usafiri wa moja kwa moja, bila kutua popote, ulianza tarehe 28 Oktoba 2018, nao umewafaa wazazi wa Pwani wanaokwenda kuwatazama mabinti waliojifungua huko. Kwenda ni saa kumi na tano hivi. Kurudi hupungua kama saa moja, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi. Manahodha wetu waliongojea kusi ndipo watweke kwenda Uarabuni, hilo wasingelistaajabia.

Aliyekwisha kwenda Umra asidhani ameijua safari hii. Nairobi hadi Jeddah ni kama kilomita 2,600, na saa za huko ni zile zile zetu. New York iko nyuma yetu kwa saa saba wakati wa joto, nane wakati wa baridi. Ndege huondoka karibu na saa sita usiku, ikaelekea magharibi, na usiku ukafuatana nayo. Mwezi wa Januari, aliyeliona jua likitua Nairobi hataliona likichomoza mpaka zipite saa ishirini na ushei.

Mama mmoja alinieleza kuwa aliiacha saa ya mkononi kama ilivyo, na ilipofika saa kumi na moja akaswali Alfajiri kitini. Kwa njia iliyo fupi, wakati huo ndege ingali juu ya Sahara, na huko usiku ni mwingi bado. Swala ile ilitangulia wakati wake. Simlaumu, kwani hakuna aliyemwambia kabla hajapanda.

Basi Magharibi na Isha msafiri azikusanye Nairobi. Alfajiri ya miezi ya baridi itamkuta mwishoni mwa safari, pengine ndege ikijiandaa kushuka. Atazame ramani iliyo mbele ya kiti na weupe wa upeo dirishani. Asiiakhirishe mpaka atoke uwanjani, maana foleni ya pasipoti haijui kuchomoza kwa jua. Akifika, akumbuke pia kwamba Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, ndiyo maana mihirabu yetu hutazama kaskazini. New York kibla ni kaskazini-mashariki.

Njiani anywe maji, na ainuke mara kwa mara atembee, miguu isivimbe. Mwenye sukari achukue dawa mkobani, si katika sanduku linalopelekwa chini ya ndege, na kabla ya siku ya safari amuulize daktari wake azitumie kwa saa za wapi.