Tulivyomlilia Kongowea Mswahili

Je, msomaji mpenzi, umewahi kumlilia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa? Mimi nimewahi, tena si peke yangu.

Ken Walibora alipotoa riwaya yake Siku Njema mwaka wa 1996, alituletea Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga aliyefiwa na mamake, Zainabu Makame, mwimbaji hodari wa taarabu, na baadaye akafunga safari hadi Kitale kumsaka babake. Sisi wa Kwale tulimwona kama jirani. Atokaye Tanga kwenda Mombasa kwa barabara hupitia kwetu: Lungalunga, Msambweni, Ukunda, hadi kivuko cha Likoni. Kila basi la Tanga lilipopita, nilichungulia madirishani.

Mama yangu alipofariki, nilikuwa kidato cha pili. Matangani niliambiwa nijikaze, nami nikajikaza, chozi halikutoka. Majuma kadhaa baadaye nilisoma habari za Zainabu katika nakala kuukuu ya dada yangu, nikalia hadi usingizi ukanichukua. Nyanya hakunikemea. Alikaa kando yangu, kimya.

Walibora naye alipoaga dunia Aprili 2020, wengi tuliomsoma tulihisi kwamba Kongowea amefiwa kwa mara nyingine.

Basi mzazi, ukimkuta mwanao analia na kitabu mkononi, usimcheke wala usimwambie hiyo ni hadithi tu. Huenda anayemliza hayumo kitabuni.